Chunusi, Mkorogo na Chai ya Mama Getu

Siku ya kuniaga, wenzangu wa kituo cha afya walinipa kiti cha mbele, doti ya kanga na kipaza sauti. Kiti na kanga nilivipokea. Kipaza sauti nilikirudisha mara tu baada ya kusema asanteni, kwa sababu keki ilikuwa inasubiri. Ndiyo, keki. Mtu aliyetumia miaka yake ya mwisho kazini akiwasihi watu wapunguze sukari aliagwa kwa keki yenye ganda la sukari la rangi ya waridi, na nilikula kipande changu chote. Agnes, muuguzi anayeshika chumba cha ngozi baada yangu, alisema kama siwezi kuzungumza mbele za watu basi niandike. Ndiyo haya.

Sitazungumzia vyeo. Nilipandishwa nilipopandishwa, na barua zilichelewa kama barua zinavyochelewa. Nitazungumzia ngozi, na hasa chunusi, ugonjwa usiomuua mtu na ambao kwa sababu hiyo hakuna anayeuheshimu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati ya kijiji kule Lumuma. Nilifika nikiwa na viatu vyeupe vya chuoni, na mvua za wiki ile ile zilivimaliza. Zahanati ilikuwa na kitanda cha kuzalishia, mizani ya watoto na jiko la kuchemshia vyombo. Siku yangu ya kwanza asubuhi nilimpokea mama mwenye uchungu, akajifungua salama, nikajiona nimeshakuwa muuguzi kamili. Mchana, wagonjwa walipokwisha, akabaki kijana mmoja kwenye benchi la nyuma. Alikuwa anasubiri chumba kiwe kitupu. Alipoingia aliniamkia, nikaitikia, kisha akaondoa kofia aliyokuwa ameishusha mpaka kwenye nyusi. Uso wake wote ulikuwa chunusi zenye usaha, na juu yake alikuwa amepaka dawa ya mswaki ikakauka kama chokaa.

Alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, na alikuwa ameacha kuimba. Wazee wake walimwambia ngozi ile ni dalili ya kutaka mke, akioa zitaisha. Alichotaka kujua kwangu ni kama jambo hilo ni la kweli, kwa sababu binti aliyemtaka alikuwa amemkataa kutokana na uso huo huo, kwa hiyo hakuona dawa hiyo angeipataje. Nilimwambia si kweli. Kisha nikafungua kabati. Kulikuwa na dawa ya upele, dawa ya vidonda ya rangi ya zambarau na mafuta ya mgando. Chuoni, chunusi zilipewa nusu ukurasa. Nilimshauri aoshe uso kwa maji na sabuni ya kawaida, aache dawa ya mswaki ibaki kwenye meno, na asizikamue. Alinishukuru kwa adabu, akavaa kofia yake, akaondoka. Nilimwona tena mara nyingi mtaroni akimwagilia vitunguu, na kofia ikiwa pale pale.

Aliyenionyesha kwamba kuna zaidi ya nusu ukurasa ni Tabibu Elia. Alikuwa tabibu wa ngozi aliyetoka Kilosa mjini kwa pikipiki kufuatilia wagonjwa wa ukoma vijijini. Katika mfuko wake wa turubai alikuwa na tochi, kioo cha kukuzia, na kipande cha pamba cha kupimia kama ngozi ina hisia. Mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kumkalisha mgonjwa karibu na dirisha na kumwangalia muda mrefu mpaka mgonjwa mwenyewe anaanza kuzungumza. Kisha alimgusa. Hakuvaa glovu pasipo na kidonda kinachotoka majimaji. Niliwahi kumuuliza, akanijibu sentensi ambayo nimeirudia kwa kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu.

"Mgonjwa wa ngozi ameshaangaliwa vya kutosha, Salome. Hajaguswa."

Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa Kilosa mjini, nikawekwa katika chumba chake. Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Alikuwa na maswali mawili ambayo hakuyaruka hata siku moja: unapaka nini, na unakula nini. Swali la kwanza kila mtu alilielewa. La pili liliwaudhi wengi. Watu walikuja na uso, na wao wanaulizwa tumbo.

Tabibu Elia alizaliwa kwenye familia ya wakulima wa milimani, na chai aliinywa bila sukari. Si kwa msimamo wowote. Alikulia wakati sukari ilikuwa kitu cha wageni, akazoea. Lakini alikuwa ameona jambo. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja amebaki shambani anakula mihogo, maharage na majani ya maboga, mwingine amehamia mjini anaishi kwa soda, maandazi na mkate mweupe. Yule wa mjini ndiye aliyekuja kwetu na uso umevimba. Si kila mara, alisema, wala si kwa kila mtu. Wapo wanaokula sukari kama mchwa na ngozi zao ni laini mpaka uzeeni, na wapo wasioijua kabisa na bado wana chunusi, kwa sababu ni za ukoo au za balehe. Lakini ameliona vya kutosha kiasi cha kutolinyamazia.

Semina zilikuja baadaye, zikatueleza kwa nini. Vyakula vitamu na vya unga mweupe hupandisha sukari kwenye damu kwa kasi, mwili unamwaga homoni ya kuishusha, na homoni hiyo inaweza kuziamsha tezi za mafuta kwenye ngozi. Mafuta yakizidi, vitundu vinaziba, vijidudu vinapata makazi. Tabibu Elia alisikiliza semina nzima akiwa amekunja mikono, na tulipotoka alisema tu kwamba chakula cha mchana walichotuandalia kilikuwa na soda.

Nilikuwa na kifaa changu mwenyewe ambacho sikufundishwa na mtu. Mezani niliweka kikombe, kopo la sukari na kijiko. Ninyi mnaobaki, msimuulize mgonjwa anatia sukari kiasi gani, atawajibu kidogo. Kila mtu hutia kidogo. Mpeni kijiko aonyeshe. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mwalimu mmoja wa kike alichota, akachota tena, akaendelea, kisha akatazama kikombe kilichokuwa kimejaa nusu akacheka kwa aibu.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi kila mahali. Tulipokwenda Msowero kwa huduma ya mkoba, yaani kuwafuata wagonjwa vijijini, familia za wafugaji zilitukaribisha kwa chai ya maziwa tamu kiasi cha kushika midomo. Huwezi kuingia kwa mtu, ukanywa heshima yake nusu, halafu ukaanza kumhubiria mwanawe kuhusu sukari. Nilijifunza kunywa kwanza, kusifia ng'ombe, kusikiliza habari za malisho, na kuyasema ya kwangu wakati wa kuagana, tena nikimwambia mama peke yake. Wengi walisikia. Bibi mmoja aliniambia kwamba ujanani mwao maziwa yalinyweka bila kutiwa chochote, kwa hiyo hakuona nimeleta jipya.

Tabibu Elia alipostaafu nilibaki na chumba kwa muda, kisha nikahamishiwa Mikumi. Wengine walinionea huruma, kwamba naenda kuishi na tembo. Tembo hawakuwahi kunisumbua. Kilichonisumbua ni barabara kuu. Pale mabasi na malori yanaposimama, kila kitu cha haraka kinauzwa: soda, juisi za pakiti, biskuti, chipsi, miwa iliyomenywa, maandazi, vinywaji vya kutia nguvu vyenye picha za wanyama wakali. Na katikati ya hayo, saluni na vibanda vya vipodozi, ambako krimu za kung'arisha uso ziliuzwa kwenye vikopo visivyo na jina. Vijana wa Mikumi walipata chunusi kwa sehemu ya kwanza ya barabara, wakaenda kuzitibu kwenye sehemu ya pili, halafu wakaletwa kwangu.

Huko ndiko nilikokutana na Getruda.

Mkuu wa shule ya sekondari, mama mmoja makini ambaye tulisali naye kanisa moja, aliniambia ana mwanafunzi, binti wa kidato cha tatu aliyekuwa akiongoza darasa kwa hesabu, na sasa anakaa nyuma, mtandio umeshushwa usoni, hajibu akiulizwa. Kuna siku haji kabisa. Nilimwomba amlete. Alikuja peke yake, mchana, akaniamkia akitazama sakafu. Nilimweka karibu na dirisha, nikamwomba aondoe mtandio. Ilichukua muda.

Nimeona nyuso nyingi, lakini ule ulinifanya nivute pumzi. Chunusi zilikuwa zimebanana mashavuni na kidevuni, nyingine zimeiva. Ngozi yenyewe ilikuwa nyembamba, inang'aa, yenye wekundu, mishipa midogo inaonekana kama nyuzi, na paji la uso lilikuwa jeupe kuliko shingo. Nilimuuliza anapaka nini. Akasema mafuta ya mgando tu. Nilimshika shavu, akashtuka, kisha akatulia. Sikumbishia. Nilimwambia arudi baada ya siku chache, na kama kuna kitu kingine alichosahau kukitaja, aje nacho.

Aliporudi alitoa kwenye mkoba wa madaftari kikopo kisicho na jina. Mkorogo. Alianza na chunusi chache za kawaida, za umri wake. Akapelekwa saluni, akauziwa hiyo, na kwa wiki za mwanzo uso ukawa safi kama wa mtoto. Hiyo ndiyo kazi ya dawa kali ya steroidi inayochanganywa humo: inanyamazisha kila kitu, kisha inaila ngozi. Akiacha siku moja, uso unawaka moto, anarudi kupaka. Alikuwa ameshanaswa.

Nikaja kwenye swali la pili. Mama yake aliuza chai na maandazi stendi, watu wakimwita Mama Getu. Asubuhi Getruda alikunywa chai ya biashara na maandazi, shuleni akanunua soda na biskuti, jioni akamaliza maandazi yaliyobaki kwa chai nyingine. Mboga za majani alikula akienda kwa bibi yake. Hakuwa mlafi. Alikula kilichokuwepo.

Daktari wa kituo alipanga namna ya kuuacha mkorogo taratibu, akampa dawa za kumeza na jeli ya kupaka. Mimi nilibaki na kazi ya kumweleza ukweli, na nilimweleza bila kuuzungusha: uso utakuwa mbaya zaidi kabla haujawa mzuri. Utawasha, utavimba, utatoka usaha. Hilo likitokea si kwamba dawa imeshindwa, ni mkorogo unaondoka. Nilimwomba amwambie mama yake aje tuzungumze. Mama hakuja. Stendi haina siku ya mapumziko.

Uso ukachafuka kama nilivyosema. Nadhani hata mimi, niliyelitabiri jambo hilo, nilitamani liwe dogo kuliko lilivyokuwa. Asubuhi moja, foleni ikiwa ndefu, Mama Getu aliingia chumbani mwangu akiwa na aproni, ananukia mafuta ya kukaangia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono imara. Aliniamkia, maana adabu hakuiacha mlangoni, kisha akasimama.

"Mwanangu alikuja kwako na chunusi," alisema. "Umenirudishia jipu zima."

Nilimwomba akae. Hakukaa. Nilimweleza kuhusu mkorogo, akasikiliza. Nilipofika kwenye sukari, uso wake ukabadilika.

"Hiyo sukari unayoitukana ndiyo iliyomnunulia sare. Ndiyo inayomsomesha. Sasa unataka mtoto aone kazi ya mama yake ni sumu?"

Kisha akatoka, na wagonjwa wote kwenye foleni wakanitazama kama watu wanaotafuta sehemu nyingine ya kutibiwa.

Wiki ile Getruda hakwenda shule. Mkuu wa shule aliniambia amepeleka ujumbe mara mbili, jibu ni kwamba binti anaumwa. Nilikaa na habari hiyo siku nzima. Ningeweza kusema nimefanya sehemu yangu. Dawa alipewa, maelezo alipewa, mzazi amekataa. Mafaili yetu yamejaa sentensi za namna hiyo. Lakini nilijua kwamba kama binti yule atarudi kwenye mkorogo sasa, hatatoka tena, na kama ataacha shule kwa sababu ya uso, hatarudi. Kesho yake, kabla ya kuingia kazini, nilikwenda stendi.

Meza ya Mama Getu ilikuwa na benchi pande zote mbili na madereva wawili wa malori walikuwa wanamalizia kunywa. Niliketi, nikaagiza chai. Akaniwekea kikombe. Nikamuuliza kama anayo isiyo na sukari. Alinitazama kama nimemwomba chai isiyo na maji. Sukari hutiwa jikoni, akaeleza, sufuria nzima, halafu chai inamiminwa kwenye chupa. Yote ni tamu. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Madereva walipoondoka aliketi mwenyewe, mkabala nami, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Akaniambia kwamba yeye ndiye aliyempeleka binti saluni. Binti alikuwa analia kila asubuhi mbele ya kioo, na mama hakujua mlango mwingine wa kubisha. Alisema hayo akitazama kitambaa chake.

"Sijaja kufunga biashara yako, mama," nilimwambia. "Nimekuja kuomba chupa moja. Moja tu, isiyo na sukari, iwe ya Getruda. Na asubuhi umchemshie muhogo au viazi vitamu badala ya andazi. Mengine yote endelea."

"Na uso?"

"Uso utapona. Si kesho. Lakini nitakuwa hapa kila wiki mpaka upone, na wewe utaniuliza."

Hakusema ndiyo. Alinyanyuka, akaniambia binti yuko ndani.

Nyumba ilikuwa nyuma ya vibanda. Getruda alikuwa kwenye chumba chenye pazia lililofungwa mchana kweupe. Niliketi pembeni mwa kitanda, nikamwomba ruhusa, nikamshika uso kwa mikono miwili, pamoja na usaha wake na yote. Hapo akalia. Nilimwacha alie. Kisha nikamwambia kitu ambacho hakikumpendeza: asisubiri uso upone ndipo arudi shule. Uso utachukua miezi, na mtihani hautausubiri. Alisema wenzake watamcheka. Nilimwambia watamcheka, ndiyo, kwa siku kadhaa, halafu watachoka, kwa sababu kucheka kitu kile kile kila siku ni kazi. Nikamwambia pia kwamba tangu asubuhi ile mimi mwenyewe ninaacha sukari kwenye chai, ili asiwe peke yake. Hapo ndipo alipoinua macho.

Alirudi shule Jumatatu iliyofuata. Mkuu wa shule alimruhusu kuvaa mtandio kwa muda, na akamrudisha dawati la mbele.

Miezi iliyofuata haikuwa na lolote la kusisimua, na ndiyo maana nawaandikia. Kazi hii kwa sehemu kubwa ni kurudia jambo lile lile bila kuchoka. Kila wiki nilimwona. Alijifunza kuosha uso taratibu, kupaka jeli kidogo na si kwa hasira, kuacha kukamua. Mama yake alipata mtu wa kumletea mihogo. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, ikachukua nafasi ya sembe. Matembele, mchicha, mbaazi, dagaa, karanga za kuchemsha, machungwa na mapapai ya msimu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni cha kigeni, wala kilichohitaji duka la kisasa. Bibi yake alifurahi kuliko wote, kwa sababu kwa mara ya kwanza mjukuu aliomba mlenda. Soda aliibadilisha kwa maji. Mimi kwa upande wangu nilikunywa chai isiyo na sukari, na kwa siku za mwanzo nilihisi nakunywa maji yaliyooshewa majani. Kichwa kiliuma, nikawa mkali kwa watu. Agnes atathibitisha.

Kuna wiki Getruda alikuja kabla ya siku yake. Ilikuwa baada ya sherehe ya kipaimara ya binamu yake. Alikunywa soda, akala keki, na asubuhi zikatoka chunusi mpya kidevuni. Alijiona ameharibu kila kitu na akasema heri arudie mkorogo kuliko kuishi kwa kuogopa keki. Nilimwambia soda ya sherehe haikumpa chunusi zile, pengine zingetoka hata hivyo. Tunachopigana nacho ni chai ya kila asubuhi na soda ya kila mchana, si furaha ya ndugu. Mtu akiifanya sukari kuwa dhambi, ataitenda kwa siri. Apunguze, aishi. Alivuta pumzi, akaniuliza kama kuna jeli nyingine, kwa sababu ile imekwisha.

Naye Mama Getu, ile chupa moja ilimletea jambo ambalo hakulitarajia. Dereva mmoja mwenye kisukari aliiona, akauliza ni ya nani, akaomba apate yake. Wiki iliyofuata akaja na mwenzake. Mama Getu ni mfanyabiashara, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akaacha kabisa kutia sukari jikoni. Akaweka kopo na kijiko juu ya meza, anayetaka atie mwenyewe. Akaanza kuuza mihogo ya kuchemsha na karanga kando ya maandazi. Maandazi hayakuisha, na sikutaka yaishe. Nilipompongeza alinijibu bila kucheka kwamba hakufanya kwa ajili yangu, sukari ilikuwa imepanda bei.

Sikumbuki siku ambayo uso wa Getruda ulipona, kwa sababu hakukuwa na siku ya namna hiyo. Usaha ulipungua. Wekundu ukafifia. Ngozi ikaanza kuwa nene tena, ikashika rangi yake. Wiki moja nilitambua kwamba ameingia chumbani bila mtandio na kwamba hakuna aliyelisema. Yalibaki madoa, na yalibaki makovu, vishimo vidogo kwenye mashavu yote mawili. Alipouliza kama nayo yataondoka nilimjibu kwamba madoa yatafifia, makovu mengine atazeeka nayo. Ziko hospitali kubwa zenye vifaa vya kuyapunguza, na nikampa maelekezo endapo atataka siku moja. Alisikiliza, akasema kwanza ana mtihani.

Mtihani aliufanya. Alifaulu, na hesabu aliifaulu vizuri. Mimi nilistaafu mwaka huo huo, nikarudi nyumbani kwangu Kilosa mjini.

Miezi michache baada ya hapo alikuja mjini kushughulikia fomu za chuo cha uhasibu, akapita kunisalimia. Alihitaji picha ndogo za fomu, nikamsindikiza studio moja karibu na soko. Mpiga picha alikuwa kijana mchangamfu, nywele zimekatwa kwa mtindo wa Dar. Alimkalisha mbele ya kitambaa cha bluu, akampiga, kisha akaihamishia picha kwenye kompyuta. Uso wa Getruda ukajaa kioo chote, mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona hata kwa kioo cha kukuzia. Kila kovu lilikuwa pale.

Kijana akashika kipanya, akaanza kukisogeza kuelekea mashavuni.

"Dada, ngoja nikusafishe kidogo. Dakika tu, bure kabisa. Unatoka hapa huna hata alama."

Getruda aliinama kuitazama picha yake. Aliitazama vizuri, bila haraka, kama mtu anayekagua kazi kabla ya kuikabidhi.

"Hapana, kaka," alisema. "Huo uso nimeutafuta mwaka mzima. Usiuguse."

Kijana akanigeukia mimi, akidhani mama mtu mzima atamsaidia kumshawishi. Nikamwambia achape.